MAZUNGUMZO YA MWALIMU: Mashua iliyokataa kurudi nyumbani



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya mashua ndogo yenye tanga. Wale wanaokaa mbali na ziwa watasema: «Mambo hayo yatuhusu nini sisi?» Nawaomba wawe na subira. Katika habari hii mna somo la elimu, na ndani ya somo hilo mna jambo linalohusu kila jamaa ya Kikristu, ikae kando ya maji au mlimani.

Haya niliyaona kwa macho yangu katika kijiji kimoja cha ukingo wa magharibi wa ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Jina la kijiji sitalitaja, wala majina ya watu, kwa sababu wenyewe wamekwisha kupatana, na kidonda kilichopona hakichokorwi.

Ndugu wawili, wavuvi, walikuwa na mashua ya mbao yenye urefu wa metri 7. Waliiendesha kwa mashine. Lakini bei ya petroli ilipozidi mapato ya dagaa, waliivua ile mashine wakaiuza, wakasimamisha mlingoti, wakatundika turubai pana liwe tanga. Safari ya kwanza walipakia dagaa wakavu, wakaelekea kaskazini, upepo wa kusi ukiwasukuma kwa nyuma. Walikwenda kilometri 30 kabla ya adhuhuri, bila kutoka jasho. Waliuza vizuri, wakanunua unga na chumvi ya kuuza kijijini, ili faida iwe ada ya shule ya watoto wao. Siku ya tatu wakageuza mashua kurudi. Mashua ikakataa.

Omo, yaani sehemu ya mbele, ilielekea nyumbani, lakini mashua yenyewe ilikwenda upande kama kaa. Jua likachwa, upepo ukazidi, mawimbi yakaingia ndani. Kulipopambazuka walijikuta ufukoni, kaskazini ya mahali walipotoka, unga umekuwa uji, chumvi imeyeyuka, na mdogo mtu amejikunja chini ya mashua akitetemeka kwa baridi.

Walipofika nyumbani kwa miguu, maneno yakaanza. Mashua ile iliundwa na baba yao mdogo, fundi mzee, ambaye alikuwa akiwadai bado sehemu ya malipo yake. Mtu mmoja akauliza: «Mashua iliyokwenda vizuri, kwa nini ikatae kurudi?» Mwingine akaongeza: «Na upepo uliokuwa mpole wakati wa kwenda, nani aliuamsha wakati wa kurudi?» Jioni ile hakuna aliyetaja jina. Lakini kesho yake wake wa wale ndugu walipita mbele ya mzee bila kumwamkia, na siku ya Dominika aliketi peke yake katika benchi lake kanisani. Wahenga walisema kweli: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nilikuwa huko kwa likizo. Katekista aliponiomba nisaidie kuwapatanisha, sikuanza kwa kukaripia. Niliomba tuitazame mashua kwanza. Kwa maana maswali yale mawili ni mazuri, ni maswali ya watu wenye akili. Ubaya wake ni kwamba waliyauliza juu ya mtu, badala ya kuyauliza juu ya upepo na maji.

NANI ALIUAMSHA UPEPO?

Tuanze na swali la upepo, maana ndilo jepesi. Mtu apandaye baiskeli siku isiyo na upepo huuona upepo usoni mwake. Upepo huo hakuna aliyeuleta. Ameufanya mwenyewe kwa mwendo wake. Basi, mtu aliye katika mashua hauoni upepo ulivyo, bali huona upepo uliochanganyika na mwendo wa mashua yake.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme siku ile upepo ulikwenda kilometri 15 kwa saa. Mashua ikikimbia mbele ya upepo kwa kilometri 7 kwa saa, watu walio ndani huuona upepo wa 15 kutoa 7, yaani 8 tu. Ni upepo mwanana, hata kofia haisogei. Sasa wageuke. Mashua ikienda kwa kilometri 5 kwa saa, ikiuelekea upepo kwa mshazari, mwendo wake haupunguzi upepo tena, bali huongeza. Watu walio ndani huona upepo wa zaidi ya kilometri 18 kwa saa. Upepo ni ule ule, siku ni ile ile.

Tena kuna sheria moja ambayo kila mwenye tanga yampasa kuikariri kama sala zake: nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 3, nguvu ni mara 9. Kwa hiyo upepo wa 18 unasukuma tanga zaidi ya mara 5 kupita upepo wa 8. Ndugu wale hawakusema uongo waliposema kwamba wakati wa kurudi upepo ulikuwa mkali. Walikosea katika kumtafuta aliyeuamsha.

KWA NINI MASHUA ILIKATAA?

Hapa ndipo penye fumbo. Kila mtu anafahamu jinsi upepo wa nyuma unavyosukuma mashua, kama unavyosukuma jani juu ya maji. Lakini mashua yawezaje kwenda kule upepo unakotoka? Wengine kijijini walisema haiwezekani kabisa, ila kwa kasia. Lakini tanga si geni katika ziwa letu. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alivuka kutoka Ujiji mpaka ng'ambo ya magharibi kwa kusudi la kuomba jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Majahazi ya namna hiyo, yenye tanga la pembe tatu, yalipanda na kushuka ziwani katika miaka ile pasipo petroli.

Chukua mbegu mbichi ya boga, yenye utelezi. Ibane kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole vyako vinabana kutoka kushoto na kulia. Hakuna kidole kinachosukuma kwa nyuma. Walakini mbegu yaruka mbele! Ndivyo ilivyo mashua. Kidole kimoja ni upepo ubanao tanga. Kidole cha pili ni maji yabanayo ubavu wa chini. Mashua ikibanwa kati ya upepo na maji, haina njia ila kuponyoka kwenda mbele.

Sasa ondoa kidole kimoja. Je, mbegu itaruka? La, itasukumwa upande na kuanguka. Hiyo ndiyo mashua ya wale ndugu. Kidole cha upepo kilikuwapo, cha maji hakikuwapo. Fundi mzee aliagizwa kuunda mashua ya mashine, akaiunda vizuri sana, yenye sakafu bapa, ili iweze kuvutwa juu ya mchanga. Sakafu bapa haiyashiki maji. Huteleza juu yake kama sahani. Mashua za tanga huwa na mkuku, yaani mti wa chini unaoingia ndani ya maji toka mbele mpaka nyuma, nao ndio uyazuiao maji yasiiache mashua iende upande.

Tuliingia majini na ile mashua siku yenye upepo wa kiasi, tukapima. Omo ilikuwa imegeuka digrii 60 toka mahali upepo unapotoka. Kisha nikawaambia watazame nyuma, kwenye alama ya povu tunayoiacha. Alama haikunyoka nyuma yetu, bali ililala pembeni, digrii 30 hivi. Maana yake mashua ilikuwa ikiteleza kwa digrii 30. Jumlisha 60 na 30: ni 90. Mashua iendayo kwa digrii 90 inakata upepo kama msalaba. Haikaribii upepo hata kwa hatua moja. Waweza kwenda hivyo tangu Pasaka mpaka Noeli bila kufika nyumbani.

Yule kaka mtu alinyamaza kitambo. Kisha akasema polepole: «Mwalimu, basi tulikuwa tunahesabu omo inakotazama, hatukuhesabu mashua inakokwenda.» Nikamjibu kwamba kosa hilo si la wavuvi peke yao.

DAWA YA MASHUA

Dawa ilipatikana kwa fundi yule yule aliyesingiziwa. Nilikwenda kwake pamoja na wale ndugu. Mkubwa alipiga goti akasema: «Baba, tumekuja kuomba shauri.» Mzee hakujibu upesi. Aliendelea kunoa tezo yake. Mwishowe akauliza: «Wanangu, mashua ina tatizo gani?» Hakuuliza neno jingine.

Nikamweleza habari ya Waholanzi. Nchi yao ina maji mengi mafupi, na tangu karne nyingi mashua zao nyingi zina sakafu bapa kama zetu. Basi walifanya mbao mbili pana, wakazitundika ubavuni, moja kila upande, kama masikio. Wakienda na upepo wa mbele hushusha ule ubao ulio upande upepo unakokwenda. Maji huusukuma ubao huo ujibane na ubavu, nao huizuia mashua isiteleze. Wakifika maji mafupi huuinua. Mzee alicheka kidogo akasema: «Hiyo si kazi ya wiki.» Kwa siku nne alizichonga mbao mbili, kila moja urefu wa metri 1 na nusu na upana wa nusu metri.

Labda mtauliza: ubao mdogo hivyo wawezaje kushindana na tanga kubwa? Metri moja ya mchemraba ya hewa ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Ya maji ina kilo 1000. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Kwa hiyo ubao mdogo majini hutosha kujibu tanga kubwa hewani.

Jambo la pili lilikuwa tanga lenyewe. Turubai lilining'inia kama gunia. Gunia lafaa kwa upepo wa nyuma, lakini kwa upepo wa mbele tanga litazame bawa la ndege: limekunjika kidogo tu, kama kiganja cha mkono anayetaka kuteka maji ya kunawa uso. Tanga la namna hiyo hupokea upepo kwa ukingo wa mbele, huugeuza taratibu, na kuutupa nyuma. Nao upepo ukitupwa nyuma hulisukuma tanga mbele. Tulilikata turubai liwe la pembe tatu, tukalishona upya, tukalifunga kwenye foromali likanyoka.

Halafu niliwafundisha namna ya kuishika demani, ile kamba ivutayo pembe ya nyuma ya tanga. Ilegeze polepole mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutikisika. Kisha vuta kidogo mpaka utulie. Hapo acha. Wengi hudhani kwamba kuvuta sana ni kwenda sana. Kumbe tanga lililovutwa kupita kiasi huilaza mashua upande wala haliipeleki mbele.

Siku ya kwanza mashua ilikuwa na ukaidi: omo ilijigeuza daima kuelekea upepo. Mzee alitazama, akasema ubao umekaa mbele mno kuliko tanga. Tukausogeza nyuma kwa shubiri mbili, ukaidi ukapungua. Hapo nilimwambia wazi kwamba jambo hilo mimi nililisoma kitabuni, yeye ameliona kwa macho.

Tulipopima tena, omo ilikaa digrii 50 toka upepo, na alama ya povu ililala digrii 8 tu. Jumla 58. Yaani kwa kila kilometri 10 za kuukaribia upepo, mashua yasafiri karibu kilometri 19, mara upande huu, mara upande huu. Mabaharia wa pwani huita kazi hiyo kubisha. Si muujiza. Safari ya kwenda ya kilometri 30 huwa karibu kilometri 57 wakati wa kurudi, na mwenye akili huhesabu hivyo kabla ya kupakia. Tena hupanga saa za safari yake kama wazee walivyopanga: usiku na alfajiri mara nyingi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mashua ikikaa karibu na ukingo yaweza kuitumia hewa hiyo ya ubavuni.

KWA NINI TUSIONGEZE TANGA?

Vijana waliokuja kutazama waliuliza: «Tukishona tanga kubwa mara mbili, hatutakwenda mara mbili?» Hapana, wanangu. Kila mashua ina mpaka wa mwendo wake, na mpaka huo hutoka katika urefu wake. Mwingereza William Froude (1810–1879) aliuchungua kwa vielelezo vidogo vya meli alivyovivuta katika birika refu huko Torquay. Mashua iendapo hufanya mawimbi. Ikiongeza mwendo, wimbi lake hurefuka, mpaka kilele kimoja kiko mbele na cha pili kiko nyuma, mashua imekaa bondeni. Hapo ikitaka kuzidi, yapaswa kupanda kilima cha wimbi lake yenyewe. Kanuni ni hii: pima urefu wa mashua kwenye mstari wa maji kwa metri, tafuta kipeo cha pili cha namba hiyo, kisha zidisha kwa 4 na nusu. Mashua ya metri 4 hupata kilometri 9 kwa saa. Ya metri 9 hupata 13 na nusu. Mashua nyepesi sana zaweza kuruka juu ya wimbi lao na kuupita mpaka huo, lakini mashua iliyobeba magunia, kamwe.

Kwa hiyo tanga likizidi, ziada yake haiwi mwendo, yawa hatari. Upepo wa kilometri 20 kwa saa husukuma tanga la metri 10 za mraba kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Upepo wa kilometri 40 hulisukuma kwa kilo 80, nazo zaisukuma mashua toka juu, kwenye mlingoti. Ziwa letu lina urefu wa kilometri 670 hivi, tena limelala kaskazini na kusini. Toka Mei hadi Septemba, kusi linapovuma, lina nafasi kubwa ya kukuza mawimbi. Yeye asubiriye mpaka mashua imelala ndipo apunguze tanga, amechelewa.

Wazazi, wafundisheni vijana wenu haya. Tanga lipunguzwe upepo ungali mbali. Demani isifungwe kwa fundo, bali ishikwe mkononi, ili iachiliwe mara moja. Mizigo mizito ikae chini na katikati, na watu waketi. Asimame yule tu mwenye kazi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu ufukoni. Na mashua ikipinduka, msiiache kwa kutumaini kuogelea hadi nchi kavu. Mbao huelea: ishikeni, mkae pamoja.

NENO LA MWISHO

Mtakatifu Luka, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, asimulia jinsi meli iliyomchukua Mtakatifu Paulo kwenda Roma ilivyoshikwa na tufani, ikashindwa kuukabili upepo, mabaharia wakaiacha ichukuliwe. Watu walikuwa 276. Hasomi mtu katika sura ile kwamba walitafuta mchawi kati yao. Walifanya kazi: waliifunga meli kwa kamba, walipima kina cha maji, walitia nanga. Na Paulo aliwatia moyo wale chakula. Nguvu za Mungu hazikuwaondolea kazi ya mikono wala ya akili.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu hudhani kwamba amri hiyo huvunjwa barazani mwa hakimu tu. Kumbe huvunjwa pia njiani, tunapopita mbele ya mzee bila kumwamkia kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelichungua. Mtoto akiugua, mavuno yakipungua, mashua ikikataa kurudi, kuna kisa. Kukitafuta ni kazi ya akili tuliyopewa na Mungu. Kumtupia mtu kisa hicho kabla ya kukitafuta ni dhambi, tena ni uvivu.

Wale ndugu walimlipa baba yao mdogo deni lake kwa mafungu, na ujira wa mbao mbili juu yake. Walimwomba radhi mbele ya katekista, nao wake zao pia. Mzee alisamehe, lakini aliniambia pembeni neno ambalo sijalisahau: «Mwalimu, mashua ilirudi baada ya siku nne. Mimi nilichelewa kurudi zaidi.» Dominika iliyofuata benchi lake lilijaa, wajukuu wawili wakiwa magotini pake.

Wanafunzi, kazi yenu ya juma hili: chukueni mbegu ya boga, mjaribu kwa vidole viwili, kisha kwa kimoja. Waelezeni wazazi wenu mlichokiona. Haya, kwaherini mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.